Abiria wa Leuntje

Upepo ulikuwa mgongoni, na kisiwani Schouwen siku ya upepo wa mgongoni hata kikongwe huteleza na baiskeli bila jasho. Lakini baiskeli ya Leuntje ilikuwa nzito kama imepakia gunia la viazi.

Alijua amebeba mtu. Chini ya tuta la kuzuia bahari, kwenye mashamba ambayo babu zao waliinyang'anya bahari, ukungu ulikuwa umetanda mchana kweupe, na nyuma yake alisikia mitalawanda, viatu vya mbao, ikikimbia, ko-ko-ko. Huko mwenye baiskeli hasimami wala hageuki. Hupunguza mwendo tu, na mtembea kwa miguu hurukia keria. Basi akasema kama kawaida yao, "Panda!" Keria ikadidimia, mikono miwili ikamshika kiuno.

"Unashukia wapi?"

Harufu ya tope na mwani tu, na ubaridi uliopenya koti. Walipofika mbele ya duka la mikate, alikokuwa akienda, mzigo ukatoweka, na keria ikabaki inachuruzika maji.

Jirani yake Marien alipohadithiwa, alishusha sauti mkewe asisikie.

"Ulimwambia apande?"

"Sasa ningemwacha atembee? Mimi si mchoyo kama wewe."

"Acha mzaha, mwanamke! Siku hizi nani anakimbia barabarani na mitalawanda? Huyo ni mfu wa mafuriko ya mwaka hamsini na tatu. Marehemu Jacomina wa hapa kijijini alikuwa akimbeba, tukamkuta kifudifudi mtaroni, kwenye maji yasiyofika hata magotini. Anatafuta kwao, na kwao kuko chini ya maji. Mpandishe juu ya tuta, umwelekeze baharini, umwambie: umefika, shuka. Usimwonee huruma."

Leuntje hakumwambia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Hakumwambia kwamba njiani alikuwa akimsimulia abiria wake habari za mumewe, Krijn, na kwamba tangu wamzike Krijn hakuna mwingine aliyemshika.

Ukungu uliporudi alimbeba tena, akakata kona kuelekea tutani, akapanda mteremko huku mapaja yakimuuma na ile mikono ikizidi kumbana, maji baridi yakimtiririka mgongoni, na nyuma ya sikio lake pumzi iliyonuka tope ikaanza kwikwi kama ya mtoto anayejizuia kulia, hata akafika juu, akaweka mguu chini, akafumba macho.

"Umefika," alisema. "Shuka."

Mikono ikamwachia. Mitalawanda ikateremka juu ya mawe, ko, ko, hadi majini.

Nyumbani hapakuwa na sauti ila ya birika. Alikula amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimtia simanzi. Siku zikapita za jua jeupe, na hakuna aliyebisha hodi.

Ukungu ulipotanda tena alitoka, ingawa mkate alikuwa nao.

"Panda," alinong'ona njiani. "Panda, mwanangu. Nimekukosea."

Mitalawanda ikaitika kutoka juu ya tuta. Kwanza jozi moja, kisha nyingine, mizito ya wanaume na miepesi ya watoto, kijiji kizima kilichozama kikishuka mbio kumfuata, na harufu ya tope ikajaa hewani. Pembeni mwa barabara, mtaro ulikuwa umejaa maji.

Leuntje akapunguza mwendo.