Namba Ina Bima, Gari Halina

Mkaguzi wa bima aliinamia chini ya boneti, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma namba ya chesisi kwa sauti. Kisha akairudia polepole, maana hakuipenda hata kidogo.

"Inspekta, gari silo hili."

"Silo vipi? Limegonga mtu jana asubuhi, nikasimamia mwenyewe likivutwa mpaka hapa kituoni."

"Namba iliyo kwenye bampa ina bima safi kabisa. Ila bima hiyo ni ya gari lenye chesisi nyingine. Hili lililogonga halina bima. Kuna mtu amebadilisha vibao."

Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliinama akaisoma namba hiyo mwenyewe. Hospitalini alikuwa amelala kijana muuza mikate, mguu umevunjika, baiskeli yake imekunjwa. Na gari lenyewe lilikuwa la shule ya udereva ambayo yeye mwenyewe alijifunzia, miaka hiyo akiwa bado anakalia mto ili aone barabara.

Shule ilikuwa na magari mawili tu, meupe, ya mwaka mmoja, na watu waliyaita Pacha wa Kwanza na Pacha wa Pili. Lenye bima lilikuwa Pacha wa Kwanza.

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia hadithi. Mwalimu aliyekuwa ndani ya gari hilo, mtu aliyeitwa Breki kwa sababu ndilo neno alilolisema kutwa nzima, alikutwa na bisibisi kwenye mkoba. Basi, kesi imekwisha. Saa nane mchana apelekwe mahakamani kwa kughushi, na akipatikana na hatia, leseni yake na kazi yake vimekwenda na maji, yeye mwenyewe jela.

"Bisibisi ni yako?" Inspekta alimuuliza mahabusu.

"Yangu. Mwalimu wa udereva gani hana bisibisi?" Breki alikuwa hajalala, macho mekundu. "Inspekta, nina mtoto wa mwaka mmoja. Naapa sijagusa kibao chochote."

"Juzi jioni nani aliegesha gari?"

"Mimi. Pacha wa Kwanza, karibu na geti. Nikaondoka na mke wangu. Jana asubuhi nikalikuta palepale, na ufunguo wake Mzee mwenye shule akanitia mkononi kama kila siku."

"Na hukuona kwamba ni jingine?"

"Ni pacha, Inspekta! Mimi nakaa upande wa pili na pedali yangu moja ya breki. Ningeona nini?"

Alipiga kelele kidogo, kisha akaomba radhi. Inspekta alitoka akiwa na wasiwasi zaidi ya alioingia nao, kwa sababu alimwamini, na kumwamini mtu si ushahidi.

Kwenye benchi la nje alikaa aliyekuwa ameshika usukani: mpishi wa shule ya bweni, mama wa makamo. Wenzake walimwita Mama Hakikisha.

"Nifungeni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Kosa ni langu."

"Tulia, mama. Kwa nini wanakuita hivyo?"

"Kwa sababu sipandi gari bila kuingiza namba yake kwenye simu nione kama lina bima. Wananicheka weee. Jana pia niliangalia, simu ikasema bima ipo."

"Simu inaijua namba tu, mama. Haijui namba hiyo imefungwa kwenye gari gani. Haya, ajali ilikuwaje?"

Mama Hakikisha alishusha pumzi. "Lilikuwa linazima. Kutoka getini mpaka kwenye kona limezima mara nne, mimi ambaye wiki mbili hizi sijalizima hata siku moja. Klachi niliyoizoea, ukiinua mguu kidogo tu inashika. Jana nainua, nainua, haishiki. Ikishika, gari linaruka. Pale kwenye kivuko likaruka, nikamfikia yule kijana."

"Ulimwambia Breki?"

"Niliona haya. Nilijua nimesahau kila kitu, kichwa hiki kimezeeka. Naye alisema ni woga, nitulie."

"Juzi jioni ulifundishwa saa ngapi?"

"Nilikuwa wa mwisho. Saa kumi na mbili tukaliegesha, na klachi ilikuwa ileile yangu."

Inspekta alimshika mkono. "Hukusahau kitu, mama. Uliwekwa kwenye gari lingine, na mguu wako ndio uliogundua. Sisi wengine wote tulikuwa tunaangalia namba."

Mama Hakikisha alianza kulia, na alilia kwa muda. Inspekta alikuwa amepata kitu cha maana: vibao vilibadilishwa baada ya saa kumi na mbili juzi jioni, kabla ya somo la asubuhi. Alimchukua konstebo wakaondoka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Ofisi ya shule ya udereva ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na ubao wa alama za barabarani. Kwenye meza moja alikaa karani, mwanamke mfupi mwenye mtoto mapajani. Huyu alikuwa mke wa Breki, na binti wa mwenye shule. Kwenye meza nyingine alikaa mwenye shule mwenyewe, mzee mrefu aliyenyooka, ambaye nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Inspekta.

"Marahaba! Sauti hiyo naijua. Yule binti wa mto!" Mzee alicheka, akasimama, akampa mkono. Konstebo naye akanyoosha wake. Mzee akaketi bila kuupokea, na konstebo akaurudisha mfukoni akiwa amenuna.

Inspekta alianza na karani. "Pacha wa Pili halina bima. Tangu lini?"

"Miezi miwili." Karani alimhamishia mtoto begani. "Kulipia bima ni kazi yangu. Mtoto alikuwa anaumwa, mambo yakanizidi, nikasahau. Baba akasema lifunikwe turubai nyuma ya ua, tutalikatia bima mambo yakikaa sawa."

"Kwa hiyo ulikuwa na la kuficha."

"Nifiche nini, wakati nyumba nzima inajua? Na nimuingize mume wangu mwenyewe jela? Una akili wewe?"

"Adabu, mwanangu," alisema Mzee.

"Juzi jioni geti nani alifunga?"

"Mimi," alijibu Mzee. "Naishi hapahapa. Wao wanaishi mtaa wa pili. Lakini Breki ana ufunguo wake wa geti." Alisema hayo taratibu, kwa masikitiko, kama mtu anayelazimishwa kusema.

Karani alimtazama baba yake.

Walikwenda nyuma ya ua, wakavua turubai. Gari lilikuwa limebanwa ukutani upande wa kushoto, na Inspekta, kwa udogo wake, alijipenyeza hapo katikati. Ubavu wote wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa, mlango umebonyea, na pale palipobonyea palikuwa na rangi ya kijani. Nguzo ya geti ilikuwa ya kijani. Namba ya chesisi ilikuwa ile yenye bima. Huyu ndiye Pacha wa Kwanza, amevalishwa vibao vya nduguye.

"Mtu alilitoa, akaparuza geti, akalificha," alisema konstebo. "Na tazama kiti, kimesogezwa mpaka usukani unagusa kifua. Ni mtu mfupi. Ni yule karani."

Inspekta aliona hivyo pia. Aliingia, akaketi. Kiti kilimtosha sawasawa. Akainua macho kwenye kioo cha kuangalia nyuma, akakuta anaangalia dari.

Akatoka nje ya gari.

"Konstebo, wewe mrefu, hebu ingia." Konstebo alijibana, magoti yakigonga dashibodi. "Kwenye kioo unaona nini?"

"Naona nyuma. Vizuri tu."

"Basi aliyeliendesha ni mtu mrefu kama wewe, aliyejibana hivyo hivyo kwa hiari yake. Kwa nini mtu mrefu aisogelee barabara namna hiyo?"

Konstebo hakujua. Inspekta alijua, na alitamani asingejua. Alikumbuka ule mkono wa konstebo uliokosa kupokelewa.

"Nenda kituoni uniletee Breki," alisema. "Mkiingia, asiseme neno. Karani nitamwonya mwenyewe."

Ilikuwa inakaribia saa saba walipofika. Breki aliingia ofisini na pingu mikononi, akasimama mbele ya meza ya Mzee, hatua tatu tu. Karani alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema Inspekta, "Breki anapelekwa mahakamani saa nane. Nifanyeje?"

Mzee alikunja vidole juu ya meza. "Mwambie akubali. Atatoka tu, bado kijana. Mke na mtoto nitawatunza mimi. Akibisha mtaanza kuchimba, shule itafungwa, na sote tutakula wapi?"

"Basi mwambie mwenyewe."

"Nitakuja huko kituoni."

"Hakuna haja. Yuko mbele yako."

Mzee aligeuza uso haraka, akatabasamu, akaukabili mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Niko huku, Mzee," alisema Breki.

Tabasamu la Mzee lilibaki pale pale, halina pa kwenda.

"Macho," alisema hatimaye. "Katikati naona ukungu. Nilijua nikisema mtaninyang'anya funguo. Juzi nikataka kuzunguka mtaa mara moja tu, nijue kama bado naweza. Hata geti sikulimaliza."

"Ungeliacha pale likiwa limekwaruzwa," alisema Inspekta.

"Nani angelaumiwa? Ufunguo wa gari ulikuwa kwangu. Nikatoa la Pili. Lakini halina bima, na Mama Hakikisha angeiingiza namba kwenye simu, siri ikatoka. Ndipo nikabadilisha vibao. Skrubu nazijua kwa vidole. Sikudhani kutatokea ajali. Breki ni mwalimu mzuri."

"Nimelala sakafuni, Mzee," alisema Breki. "Nawe, konstebo ameniambia njiani, ukamwambia Inspekta nina ufunguo wa geti."

"Niliogopa."

Inspekta alimfungua Breki pingu, akaziweka mfukoni. Hakuwa na nia ya kumvisha mzee yule. "Utakuja na mimi, Mwalimu. Na mguu wa yule kijana ni juu ya shule sasa, hakuna bima ya kuulipia."

Karani alikuwa amesogea katikati ya chumba, mtoto kifuani. "Baba, tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu?" Alihesabu kimoyomoyo. "Siku namleta huyu hapa kutoka hospitali ulimshika, ukasema ana pua ya marehemu mama."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilikisia, mwanangu. Nilitaka ufurahi."

Karani aliketi kwenye kiti cha wanafunzi, akamfunika mtoto uso kwa kitenge kana kwamba kuna jua. Mzee alisimama, akapapasa ukingo wa meza, akaanza kuelekea nje peke yake, na ilikuwa dhahiri kwamba fadhaa imempoteza hata njia aliyoizoea. Breki alimtazama akipapasa. Alimwacha apige hatua ya kwanza, na ya pili. Kisha akaenda akamshika kiwiko, akiwa bado amekasirika.

"Kushoto kidogo," alisema. "Haya. Nyoosha. Mbele kuna ngazi."