Anayewageuza Wazee

Kilichomtia wasiwasi mshonaji tangu mlangoni ni kwamba nyumba ile ya kutunzia wazee haikunuka mkojo. Dada yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa amemwandikia mambo ya kuangalia kabla ya kumwacha mama pale: "Nusa. Tazama kucha. Funua shuka uone visigino. Na uhesabu wahudumu, usibabaishwe na maua." Kwa kuagiza, dada huyo hana mpinzani. Kumlea mama yao asiyeweza kujigeuza kitandani, hilo amemwachia mdogo wake mwaka wa tatu sasa.

Mama aliachwa ukumbini kwenye kiti chake cha magurudumu. Mshonaji akaingia chumba cha kwanza, akanusa. Marashi matamu ya kizamani. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri. Visigino vya wazee watatu havikuwa na hata mchubuko. Wahudumu walikuwa wawili, wazee arobaini.

"Mnawezaje kuwageuza wote kila baada ya saa mbili wasipate vidonda?" aliuliza.

"Wanageuzwa," mhudumu alijibu, macho chini.

Mshonaji alicheka kwa uchovu. "Basi nipeni na mimi huyo mgeuzaji. Mgongo umekwisha, usingizi siujui. Akitokea wa kunisaidia na mama, wala simuulizi katoka wapi."

Mhudumu alimziba mdomo kwa kiganja. "Mama wee! Yeye hamgusi mgonjwa mpaka mwenye mgonjwa amwite," alinong'ona. "Na wewe umeshamwita."

Kitanda cha pembeni kililia. Mzee aliyekuwa amelala chali alianza kugeuka taratibu bila kuguswa na mtu, shuka ikijivuta yenyewe, ngozi ya bega lake ikibonyea mahali pa vidole vitano virefu ambavyo havikuonekana, na marashi yakazidi mpaka mshonaji akahisi yanamkaa kooni, na muda wote huo mzee alimkodolea macho kama mtu aliyekwisha kuchoka kuomba.

Alikimbia. Alimsukuma mama kwa kasi hadi barabarani, akakodi teksi, na njia nzima hakuthubutu kutazama nyuma.

Nyumbani alimlaza mama ubavu, uso ukielekea mlangoni, akamwekea mto mgongoni kama kawaida. Aliogopa, na aliona aibu kwa maneno aliyoyasema. Akaapa moyoni kwamba atamgeuza mwenyewe mpaka mwisho, hata mgongo ukatike. Kisha akaenda jikoni kubandika maji ya kumwogeshea.

Aliporudi na beseni, chumba kilinukia marashi.

Mama alikuwa ameelekea ukutani. Mto ulikuwa umehamishwa, shuka imenyooshwa bila kunyanzi.

"Mikono yako leo ya baridi, mwanangu," mama alisema bila kumwona. "Haya, inatosha. Niachie sasa."

Mshonaji alisimama pale pale mlangoni, mikono yote miwili imeshika beseni. Begani kwa mama, ngozi ilikuwa bado imebonyea.