Njaa ya Milembe

Yote yalianza na mlio. Mihayo alikuwa akila viazi nyumbani kwake Bariadi, mbele ya sikio lake pakalia: ka!

"Kaka, unatafuna mfupa?" dada yake Esteria akamtania.

"Viazi tu."

Hawakucheka. Mlio ule waliujua. Taya la Milembe, mke wa Mihayo, Mungu amrehemu, lililia vivyo hivyo kabla ya siku alipopiga mwayo na mdomo ukakataa kufunga. Mihayo alisema ni jini. Alimfungia chumbani, akamfukiza dawa, akakataza asipewe hata uji, ili jini lishindwe na njaa litoke. Milembe alizikwa mdomo wazi.

Jumapili, katikati ya mahubiri, Mihayo akapiga mwayo. Mdomo haukufunga. Udenda ukamtiririka hadi kifuani.

Hospitalini tabibu wa meno alimpapasa mbele ya masikio, palipobonyea. "Kiungo cha taya kimeteguka." Akavizungushia kitambaa vidole gumba, akakandamiza magego ya chini, akalisukuma taya nyuma. Likarudi. "Kula vyakula laini. Kanda kwa kitambaa cha moto. Ukipiga mwayo, shika kidevu. Na mkisikia mlio wenye maumivu, msingoje."

"Basi?" Esteria akanong'ona. "Hakuna kingine?"

"Kingine kipi, dada?"

Esteria alikuwa akimfikiria Milembe.

Taya likateguka tena, na tena, na kila lilipofunguka kinywa cha Mihayo kilinuka moshi wa dawa ile. Mwishowe akaenda Kasoli, kwa Specioza, mama yake Milembe.

"Mayu, mama yangu, nisamehe. Ningempeleka hospitali, angepona."

"Nilikusamehe siku ya mazishi," Specioza akasema taratibu. "Mimi ni mtu wa kusali, ningefanyaje? Ila Milembe mwenyewe sijui kama amekusamehe."

Hapo taya likashuka lenyewe, pole pole, kama mlango unaosukumwa kutoka ndani, moshi ukanuka chumba kizima hadi kuku wakatoka mbio, na kutoka kooni mwa Mihayo, ulimi wake ukiwa umelala kimya kabisa, ikaja sauti ya mwanamke, kavu, iliyochoka, ikisema, "Mayu, nina njaa."

Specioza hakupiga kelele. Alikoroga uji wa mtama, akamlisha kijiko baada ya kijiko, na Mihayo akausikia ukipita kooni bila hata tone moja kufika tumboni, sufuria ikaisha, ikabandikwa nyingine, na sauti ikazidi kuomba.

Siku kadhaa baadaye, Esteria alipokuja kumtafuta, alimkuta kaka yake amefungwa kwa kanga kwenye kiti, mbavu zimemtoka, macho yakimwomba.

"Mama, tafadhali! Hilo taya linarudishwa kwa dakika moja tu. Nimekuja na bodaboda, tumpeleke!"

"Tutampeleka," Specioza akasema, akipuliza kijiko kipoe. "Acha kwanza mwanangu ashibe."