Msinitazame, Kuleni Nami

Ikifika saa saba mchana, cherehani ya mama hunyamaza, nami moyo huanza kunidunda. Najua watazamaji wanakuja. Baba hutoka gereji, mikono ikinuka sabuni ya unga. Shangazi, ambaye ni msusi, humwacha mteja barazani amesukwa nusu kichwa. Mdogo wangu, tunayemwita Mtangazaji kwa sababu domo lake halipumziki, huvuta kigoda na kukaa mbele yangu kabisa. Mama huondoa vitambaa mezani, huniwekea sahani, kisha wote hunikodolea macho.

"Anachukua kijiko," Mtangazaji alianza Ijumaa moja, ngumi mdomoni kama kipaza sauti. "Anakijaza, anakipandisha... gooooli!"

Baba akapiga makofi. Mtu mzima, fundi wa magari anayeheshimika, anapiga makofi kwa sababu mimi nimemeza maharage! Wananipenda, najua. Lakini kuna mapenzi yanayochosha kuliko kufua mablanketi.

Yote yalianza mwaka jana, mama aliponipima sare ya kwaya. Wenzangu wawili wa kwaya, waliokuja kupimwa pia, waliucheka mwili wangu. Nilicheka nao, kumbe maneno yale yalinikaa kichwani. Nikaanza kukikwepa chakula na kudanganya kwamba nimeshiba, mpaka siku moja nikaanguka shuleni na kulazwa. Daktari alisema nina ugonjwa wa ulaji. "Si deko wala ukaidi," aliwaambia wazazi wangu. "Ni ugonjwa, na unatibika." Sasa nipo nyumbani, na kila Jumatatu namwona muuguzi kliniki. Nikiendelea vizuri, shule zikifunguliwa nitarudi darasani na kwenye kwaya. Nikirudi nyuma, nitarudi wodini. Wodi ile siitaki hata ndotoni.

Basi Ijumaa hiyo nilikuwa nimefika nusu ya sahani, shangazi akaniminya shavu. "Ehee! Mashavu yamerudi! Sasa unaonekana mtu."

Alidhani ananisifu. Mimi nilisikia kwamba nimenenepa. Nikaweka kijiko chini.

"Mpira umetoka nje," Mtangazaji alinong'ona.

"Nyamaza wewe!"

"Mwanangu, kula tu," alisema baba, na uvumilivu ulikuwa umeshaanza kumwisha. "Kijiko, mdomo, basi. Ugumu uko wapi?"

Kula tu! Hakuna maneno yanayonipandisha hasira kama hayo. Ingekuwa ni kula tu, ningelazwa? Nilitafuta la kumjibu, macho yangu yakafika kwenye rafu ya vifungo. Palikuwa na sahani ya mama, imefunikwa kwa kipande cha kitambaa. Niliinuka nikaifunua. Chakula kilikuwa kimepoa, hakijaguswa.

"Mama, mbona hujala?"

"Nitakula nikimaliza gauni la bibi harusi."

"Jana ulisema utakula ukimaliza suruali ya jirani! Baba anakula amesimama, mkono mmoja na spana. Shangazi anashinda na chai mpaka jioni. Nyumba nzima hakuna anayekaa kula ila mimi! Mmenigeuza sinema!"

Nilikuwa nalia. Nikakimbilia chumbani, nikaubamiza mlango mpaka bawaba ikang'oka.

Mama alinifuata na kukaa kitandani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Nikikaa kula naona napoteza muda," alisema polepole. "Nimekula nimesimama tangu nianze kushona. Sikujua kama unaniona."

"Nakuona kila siku, mama. Mnaniambia chakula ni kizuri, na nyinyi wenyewe mnakikimbia."

Alinishika mkono tu, akakaa nami mpaka kwikwi zikaisha.

Jumatatu tulikwenda kliniki wote, tukasimulia yaliyotokea. Muuguzi wetu hajui kuzungusha maneno. "Mama, anza kukaa mezani. Baba, makofi yapeleke uwanjani. Shangazi, mwili wa mtoto usiuseme, hata kwa sifa. Yapo mengi ya kumsifia. Na wewe," akanigeukia, "umesema yanayokuuma badala ya kuyaficha. Hiyo ni hatua kubwa. Ukilemewa sema tena, ila mlango usiubamize."

"Mlango nimeshautengeneza," alisema baba.

"Vizuri. Hakuna wa kupona kwa niaba yake, lakini pia hawezi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Kwani na chawa ataliwa?" aliuliza Mtangazaji. Hata muuguzi alicheka.

Kesho yake zilipangwa sahani tano mezani. Mwanzoni tulikaa kama wageni wasiojuana. Baba alijikaza akatusimulia habari za gia boksi iliyovunjika, na hakuishia hapo, akaendelea na vipuri vyake kimoja kimoja mpaka shangazi akamwomba atuhurumie. Kisha shangazi akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Hivi, ule wimbo wenu wa kwaya unaanzaje?"

Nilimwimbia ubeti mmoja. Nikala kidogo, nikaendelea kidogo. Katikati woga ukanirudia.

"Nimelemewa," nilisema.

Hakuna aliyepiga makofi wala kugombeza. Mama alisema, "Pumzika, mwanangu. Tupo."

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa bibi harusi. "Fundi! Gauni langu tayari?"

Mama aliinuka nusu, kama kawaida yake. Akaitazama sahani yake, akanitazama mimi, akakaa.

"Bado. Tunakula. Karibu usubiri."

"Lakini fundi, mimi nina haraka!"

"Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo," mama alijibu, akajiongezea mchuzi.

Nikachukua kijiko changu.

Si kila siku ilikwenda hivyo. Siku nyingine nilishindwa, nikasema nimeshindwa, tukaanza upya kesho yake. Lakini shule zilipokaribia kufunguliwa, muuguzi aliniruhusu kurudi. Sare yangu ya kwaya haikunienea tena. Nilisimama mbele ya mama akinipima, nikiogopa namba atakazotaja. Alipima bila kutaja hata moja. Kisha akaikunja futi, akaiweka mfukoni.

"Miaka yote ya ushonaji nimejifunza jambo moja," alisema. "Nguo hukatwa imfuate mtu. Mtu hakatwi aifuate nguo. Atakayekuambia vinginevyo, mlete kwangu nimfundishe kazi."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba. Akaifunika cherehani.

"Haya, mezani," aliita. "Wote!"