Dorcas Ageuza Maneno ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi Dorcas alifagia uwanja, akateka maji, kisha akafua sare zake za darasa la sita. Jumamosi moja ya mwaka 1996 mama yake alimwambia aiache ndoo.

"Vaa viatu unisindikize kwa mshauri wa akina mama. Kiswahili changu hakitoshi."

Mama yake, Getruda, alikulia kijijini Bujora na hakupata kusoma. Pale mtaani Nyakato, wasichana wenzake Dorcas walipenda kumwigiza mama huyo akisema "habali" badala ya "habari." Dorcas alicheka pamoja nao ili naye asichekwe.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Tangu baba yake, Luhaga, apunguzwe kazi kiwandani, alikuwa mkali. "Huna akili wewe!" alimfokea mama kila alipotoa wazo, watoto wakisikia.

Mshauri, Bi Moza, aliwapokea vizuri.

"Shikamoo," Dorcas alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Mama, eleza kinachokusumbua."

Mama alisema kwa Kisukuma, akitazama mikono yake, "Mume wangu ananiita mjinga kila siku. Zamani nilikataa moyoni. Siku hizi nimeanza kuamini."

Uso wa Dorcas uliwaka moto. Mambo ya nyumbani yasemwe mbele ya mgeni?

"Anasema kichwa kinamuuma," alitafsiri.

Bi Moza akamshauri mama apumzike na aende zahanati. Mama alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamgeukia mshauri na kusema mwenyewe kwa Kiswahili, "Mimi sijasema kichwa. Habali yangu ni ya moyo."

Bi Moza hakucheka. Dorcas alianza kulia.

"Nimedanganya," alisema. "Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya baba." Alifuta machozi. "Na ya mama."

Getruda alilielewa neno hilo. Aliinamisha kichwa, na Dorcas hakuweza kumwangalia tena. Kwa sauti iliyokatikakatika alirudia yote aliyoyasema mama yake, bila kuacha hata neno.

"Na wewe mwenyewe, mama, unataka nini?" Bi Moza aliuliza.

"Sijawahi kuulizwa," Getruda alisema kwa Kisukuma, Dorcas akitafsiri. "Nataka kujifunza kusoma, jioni, pamoja na watu wazima wenzangu. Na matusi mbele ya watoto yakome."

"Nizungumze na mumeo?"

"Hapana. Nitasema mimi. Wewe uwepo tu."

Wiki iliyofuata Luhaga, kwa kuombwa na mkewe, alikuja kwa Bi Moza. Mkewe alimweleza yote ana kwa ana, bila kutetemeka. Luhaga alijikuna shingo, kisha akakiri kwamba tangu aachishwe kazi alijiona si mtu, na hasira zake akamshushia mkewe. Akaomba radhi. Hakubadilika kwa siku moja, lakini kila ulimi ulipomteleza, mkewe alimkatiza palepale, naye alinyamaza.

Jioni ya kwanza ya masomo, Dorcas alimsindikiza mama yake.

"Nisamehe, mama."

"Nilijua unanicheka na wenzako," Getruda alisema. "Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nastahili."

Dorcas alimshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Nikikosea neno, nirekebishe. Lakini usiseme uongo kwa niaba yangu ukidhani unanisitiri. Baba yako alininyamazisha kwa matusi, na wewe ukaninyamazisha kwa uongo. Kumheshimu mtu ni kumwacha aseme lake, likasikika kama alivyolisema."

Kisha akaingia darasani, akachagua dawati la mbele.