Njia Fupi ya Chiriku

"Hivi nyie, bibi yenu mmemfungia kabatini?"

Swali hilo aliwahi kuliuliza jirani mshona nguo, asubuhi moja Chiriku alipokuwa akifagia ua. Ulikuwa utani tu, maana ulimi wa mshona nguo ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, lakini ulimchoma Chiriku. Kabla hajapata la kujibu, sauti ya bibi ilitoka dirishani, ikamwambia jirani kwamba kabati lenyewe halina nondo. Wangekuwemo, wangekwisha kumtafuna. Mshona nguo alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Bibi hakucheka.

Tangu avunjike nyonga, bibi aliishi juu ya kiti cha magurudumu. Ndani alijisukuma mwenyewe. Mlangoni ndipo dunia yake ilipokomea, kwa sababu mbele ya kizingiti palikuwa na ngazi tatu za saruji, na watu wenye nguvu za kumbeba hawakupatikana kila siku. Nyimbo za ibada alizisikia kwa mbali, upepo ukipenda kumletea. Kutwa alikaa dirishani akiwatazama wenye miguu yao.

Chiriku, mjukuu wake wa miaka kumi na minne, alipewa jina hilo kwa kuwa hakujua kunyamaza. Siku mwalimu wa hesabu alipowafundisha kutafuta upande usiojulikana wa pembetatu yenye pembe mraba, alirudi nyumbani akihema kwa hamu ya kusimulia. Alimweleza mama yake kwamba ngazi zimesimama, ardhi imelala, na njia ya mbao ikiteremka kutoka kizingitini mpaka chini, hiyo ndiyo upande mrefu wa pembetatu. Ukijua kimo cha ngazi na pembe unayoitaka, unagawanya kimo kwa sini ya pembe hiyo, namba inayosomwa kwenye jedwali la hesabu, na urefu wa njia unapatikana. Kiti cha magurudumu kinataka mteremko mpole, nyuzi tano hivi. Sini ya nyuzi tano ni kama 0.087.

Mjomba wake, fundi seremala, alisikia habari hizo akafurahi. Alikuwa na boriti mbili za mita saba, zilizotoka kwenye paa la ghala lililobomolewa. Akampa Chiriku futikamba.

"Mimi nitakata," alisema. "Vipimo ni vyako, mjomba."

Chiriku aliinama kwenye ngazi ya juu, akapima: sentimita kumi na mbili. Wakati huohuo wenzake wakamwita kutoka njiani, kamba ya kuruka inamsubiri yeye. Akatazama ngazi mbili zilizobaki. Ngazi ni ngazi, alijiambia. Akazidisha kwa tatu, akapata thelathini na sita. Akagawanya kwa 0.087, akapata mia nne na kumi na nne. Mjomba alipomuuliza kama amepima mpaka chini, alijibu, "Nimepima," huku mguu mmoja uko nje ya lango.

Msumeno ukakata boriti kwa urefu huo. Mbao zikapigiliwa, na njia ikakamilika. Bibi alivaa gauni lake la ibada, akashika magurudumu, akavuka kizingiti.

Kiti kilimponyoka. Mjomba alikidaka chini kwa kifua, akaangukia makalio. Walipomgeuza ajaribu kupanda, mikono ya bibi ilimfikisha nusu ya njia, ikaishiwa nguvu, kiti kikaanza kurudi nyuma. Ikabidi asukumwe mpaka ndani.

"Msijisumbue, wanangu," alisema bibi, akifuta jasho kwa upindo wa gauni. "Njia ni nzuri. Mikono ndiyo iliyozeeka."

Akaomba mlango ufungwe, vumbi linaingia.

Mjomba alisema atakuja kesho aibomoe njia, kuliko imuue mtu. Vile vipande viwili vya boriti vilivyobaki, vyenye urefu wa karibu mita tatu, mshona nguo alikwisha kuviomba avikate miguu ya benchi. Chiriku aliyasikia yote, asitie neno. Mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Homa ilikuwa moyoni. Akisema, mjomba atajua kwamba alimdanganya machoni. Asiposema, bibi atabaki ndani, akiilaumu mikono isiyo na kosa. Kila alikogeukia palikuwa na ukuta, na ukuta wenyewe aliujenga yeye.

Kulipokucha alitoka na futikamba. Ngazi ya juu, kumi na mbili. Ya kati, kumi na nane. Ya chini ilikuwa thelathini, kwa kuwa mvua za miaka zilikula udongo chini yake. Jumla sitini. Sitini kugawanya kwa 0.087 kulimpa mia sita na tisini. Alikuwa bado amechuchumaa pale mjomba alipoingia uani na nyundo na msumeno, na nyuma yake mshona nguo, amefuata miguu ya benchi lake.

Mjomba alikiweka kipande cha kwanza juu ya kigogo, akainua msumeno.

"Mjomba, usikate," Chiriku alisema. "Mimi sikupima mpaka chini. Nilipima ngazi moja. Mikono ya bibi haina kosa."

Mjomba aliushusha msumeno polepole. Aliitazama njia, akamtazama mpwa wake, na uso wake ulikuwa mzito.

"Tunaambiwa njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Nilidhani ni msemo tu. Kumbe hata futikamba inaipima."

Mshona nguo alitaka kucheka, akaona afadhali arudi kwenye cherehani yake.

Kutwa nzima walifanya kazi. Vipande vile viliungwa kwenye boriti, na kila kiungo kikawekewa nguzo chini yake. Mashimo ya nguzo aliyachimba Chiriku, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wenzake walimwita tena, hakugeuka.

Jioni mlango ulifunguliwa. Bibi alimwita, akavishika vile viganja, akavigeuza juu.

"Nimesikia yote dirishani," alisema. "Mjukuu wangu, kukisia si dhambi. Sote tunakisia. Dhambi ni kukisia ukasema umepima, kwa sababu mwenzio ataweka uzito wake wote juu ya neno lako. Mungu amekupa akili ya hesabu. Nawe mpe ukweli, viende pamoja."

Chiriku akasogea kando, amwachie njia.

Bibi akashika magurudumu, akavuka kizingiti. Kiti kiliteremka kwa utulivu, mikono yake ikikizuia na kukiachia. Kule chini, mshona nguo alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Bibi alimpita, akakata kona langoni, akatoka bila kusukumwa na mtu.