Unyayo wa Kushoto

Haya yalimpata Mwajabu, jirani yetu wa Kondoa, na anayebisha aende kwake akaone. Siku ya safari aliamka na furaha zake. Alifagia uwanja, akachemsha chai, akafunga begi na kulifungua tena kuhakikisha karanga na asali havijasahaulika. Alikuwa anakwenda Muscat kwa wiki moja tu, kumwona Hamida, binti yake wa pekee. Hamida ni fundi cherehani. Aliaga kwamba anakwenda kwa miaka miwili, na sasa wa sita ulikuwa unakatika.

Ukoo wa marehemu mumewe una desturi yake. Mtu akienda mbali, unyayo wa mwisho anaouacha uwanjani hufunikwa kwa bakuli la udongo. Haufagiliwi, haunyeshewi. Siku akirudi anaufunua mwenyewe, anaukanyaga, basi, yamekwisha. Wa Hamida ulikuwa wa mguu wa kushoto, kando ya mlango, na kidole chake cha mwisho kimepinda tangu alipoangukiwa na mchi utotoni. Miaka yote hiyo Mwajabu alifagia kuuzunguka.

Asubuhi ile wifi yake, Rukia, alikuja kumsindikiza stendi. Akamkuta amepiga magoti, bakuli liko pembeni, anachota udongo mwekundu kwa kijiko na kuufunga kwenye pindo la kanga.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Nampelekea. Akiukanyaga atakumbuka kwao."

"Unyayo hauhamishwi, wifi. Mwenyewe ndiye anayeufuata."

"Sasa mbona hajaufuata? Nikimuuliza atarudi lini, ananiuliza kama mvua imenyesha. Nimechoka mimi."

Rukia akajitwika begi. Wakaenda stendi.

Muscat ilikuwa raha. Mama na mwana walikumbatiana pale uwanja wa ndege wakalia mpaka abiria wengine wakawapisha. Hamida alinawiri, alipendeza, chumba chake kilikuwa na vigae vyeupe vya kujitazama. Walikula, walicheka, walisema watu wote wa Kondoa mmoja baada ya mwingine. Siku ya kuondoka ilipokaribia, Mwajabu akauliza lile lililompeleka.

"Mama, maisha yangu yako huku," Hamida akasema taratibu. "Nitakuja kutembea."

Kutembea! Mtu anakwenda kwao kutembea? Mwajabu alitabasamu, lakini moyoni alishaamua.

Kesho yake mchana, Hamida akiwa kazini, aliumwaga ule udongo ndani ya mlango, akausawazisha kwa kiganja. Binti alirudi, akavua viatu nje, akatanguliza mguu wa kushoto.

"Rudi nyumbani," mama akanong'ona.

Hamida alipiga yowe akaushika mguu. Hapakuwa na jeraha wala damu. Akaenda kuuosha, akilalamika kwamba kitu kimemng'ata. Huku nyuma Mwajabu alitazama chini. Unyayo ulikaa pale kamili, kidole kimepinda. Akaukusanya wote, akaufunga kwenye kanga, akasafiri nao.

Alipofika Kondoa aliurudisha mahali pake na kuufunika. Kesho yake alikuta bakuli limepinduka.

Chini hapakuwa na kitu. Lakini kule barabarani, kwenye vumbi, palikuwa na nyayo zinazoelekea nyumbani kwake. Zote za kushoto. Hatua kwa hatua, mguu mmoja tu. Kidole kimepinda.

Simu ikaita. Hamida alikuwa kwenye video, uso umemsawijika.

"Mama, mguu wa kushoto siuhisi. Tazama." Akageuza simu. Alikuwa ametoka kuoga, na kwenye vigae vyeupe maji yalikuwa yameacha alama za mguu wa kulia tu.

Mwajabu alikimbia kwa Rukia bila hata viatu, akaeleza yote huku analia. Rukia alikaa kitako.

"Aje," akasema kwa sauti ya chini. "Aje mwenyewe azikanyage kabla hazijavuka mlango. Zikiingia ndani bila yeye, wifi, zitamvuta na kilichobaki."

Mwajabu alimbembeleza mwanawe, akakiri kosa, akamwomba msamaha. Hamida hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikata tiketi ya Ijumaa.

Kila kulipokucha nyayo zilikuwa zimesogea. Kwenye mchongoma. Uwanjani. Jikoni nje. Mwajabu alizimwagia maji, zikarudi. Alizifukia, zikarudi. Alhamisi zilisimama mbele ya mlango, vidole vimegusa kizingiti. Akaketi hapo hapo kizingitini, akajibana, akasali. Hakula. Hakusinzia.

Ijumaa asubuhi simu ikaita. "Mama, niko uwanja wa ndege. Naingia sasa hivi. Nakuja, mama."

Jamani, furaha! Mwajabu aliruka juu. Akatoka mbio kumwita Rukia, nyumba ya pili tu pale, na wakarudi wote wawili wakishikana mikono.

Kizingiti kilikuwa kitupu.

Nyayo zilikuwa ndani. Zilipita sebuleni, zikafika kwenye mtungi wa maji, pale Hamida alipokuwa akianzia kila alipotoka shule. Kata ililowa. Maji yalidondoka.

Rukia ndiye aliyeona. Akamfinya mwenzake mkono.

"Wifi," akanong'ona. "Ziko mbili."

Wa kushoto. Na wa kulia.

Mwajabu alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, mpaka kidole kikafa ganzi. Begi la Hamida lilifika na ile ndege. Yeye hakushuka. Waliokaa karibu naye walisema alikuwepo, aliomba maji ya kunywa, na maji yalipoletwa kiti kilikuwa na viatu vyake tu.

Ukienda leo kwa Mwajabu utamkuta mpole, amekonda, anakukaribisha vizuri. Kando ya mtungi kuna mabakuli mawili yamefunikwa sakafuni, na yeye anafagia kuyazunguka. Usiku hujaza mtungi hadi ukingoni. Asubuhi maji yamepungua, na kata imelowa.